Mwalo wangu unapitisha dhahabu: niongeze urefu au nitie zebaki?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa korosho, naishi wilaya ya Nachingwea. Msimu wa korosho ukiisha huwa natafuta dhahabu kwenye korongo lililo ndani ya leseni ya mjomba wangu. Zamani nilikuwa naosha kwa karai, mgongo ukanishinda. Mimi na shemeji yangu, fundi wa kuchomelea, tumetengeneza mwalo, yaani mfereji wa kuoshea mchanga wa dhahabu, kwa mbao za mninga: urefu mita 2, upana sentimita 30, ndani tumetandika zulia la mlangoni, juu yake vizingiti 14 vya anglaini (chuma cha pembe) ya inchi moja na nusu. Maji tunavuta kwa pampu ya petroli ya inchi 2, ile ya kumwagilia bustani. Dhahabu tunapata, lakini nilipoyaosha marudio, ule mchanga unaotoka mkiani mwa mwalo, kwa karai nilikuta chembe, tena si moja wala mbili. Shemeji anasema turefushe mwalo ufike mita 4. Jirani anasema mwalo bila zebaki ni kazi bure, na yuko tayari kutuletea. Halafu juzi kwenye marudio tumeona vijiwe vya kijani, hatujui ni vito au chupa. Je, mwalo huohuo unaweza kukamata na vito? Na maji ya korongo nayo yameanza kukauka. Tufanyeje?"*

Marahaba, mdogo wangu. Kabla sijagusa mbao zako, nikupongeze kwa jambo ambalo wengi hawalifanyi: umeyarudia marudio yako kwa karai. Nimewaona watu wakiosha misimu mitatu mfululizo bila kujua wanamwaga nini mtoni. Wewe umejua mapema, na hiyo ni nusu ya dawa.

Kwa shemeji yako: anglaini nyingine asinunue kwanza. Mwalo ukiwa umekaa vizuri, sehemu kubwa ya dhahabu hulala kwenye nusu mita ya mwanzo. Chembe iliyopita mita 2 bila kushuka kuna kitu kinaisukuma, na kitu hicho kitaisukuma vilevile kwenye mita ya tatu na ya nne. Kurefusha husaidia dhahabu laini sana, ila hakuponyi mwalo wenye maji mabaya.

Tulitazame jambo lenyewe kwa ndoo, ile ya lita 20 mnayotekea maji. Ikijaa maji ina kilo 20. Ingejaa kwatzi, lile jiwe jeupe, likiwa pande moja lisilo na nafasi, ingekuwa na kilo 53. Ingejaa dhahabu safi, ungehitaji vijana wa kutosha kunyanyua kilo 386. Sasa izamishe kila moja majini. Maji hukusaidia kubeba kilo 20 kwa kila ndoo, kwa hiyo kwatzi inabaki kama kilo 33 na dhahabu kilo 366. Nchi kavu dhahabu ilikuwa nzito mara saba hivi kuliko kwatzi, na ndani ya maji imekuwa mara kumi na moja. Kila mwalo duniani, wa mbao au wa aluminiamu, unaishi kwa tofauti hiyo tu.

Lakini hesabu hiyo ni ya vipande vya ukubwa mmoja, na hapo ndipo mnapopoteza. Dhahabu ya makorongo mara nyingi imepondwapondwa na safari, imekuwa bapa kama ganda la ufuta. Chembe bapa ya nusu milimita haizami kama jiwe. Inapepea majini, ikishuka polepole sawa na punje ya mchanga iliyo kubwa kuliko yenyewe. Nyinyi mnamwaga beleshi zima: mchanga, kokoto, na jiwe la ukubwa wa ngumi. Jiwe hilo likikwama, mnaongeza maji ili lisogee. Maji yenye nguvu ya kusukuma ngumi yataiacha vipi chembe ya ganda la ufuta? Mkipunguza maji, mawe yanajaa na mchanga unaganda. Hakuna kipimo cha maji kinachofaa mawe makubwa na chembe ndogo kwa pamoja. Dawa yake ni chekeche.

Tengenezeni chekeche mbili za kupandana juu ya kinywa cha mwalo. La juu liwe na matundu ya milimita 10 hivi, la chini milimita 4. Wavu wa chini mnaweza kuupata kwenye lile chekeche ambalo waashi huchujia mchanga wa plasta. Mpira wa pampu umwagie hapo juu, si ndani ya mwalo moja kwa moja, ili maji yaoshe mawe kwanza kisha yashuke na mchanga. Kilichobaki kwenye chekeche msikitupe, nitakirudia tukifika kwenye vijiwe vya kijani.

Sasa vizingiti. Nina swali ambalo hukuniandikia: mdomo wa anglaini umeangalia wapi? Kizingiti kinafanya kazi kwa mgongo wake. Maji yakikiruka, nyuma yake yanajikunja na kufanya kizunguzungu kidogo, kama unavyoona nyuma ya nguzo ya daraja. Kizunguzungu hicho huinua mchanga mwepesi na kuutupa nje, kizito kikashuka na kukaa. Kwa hiyo ubavu mmoja usimame wima, na ubavu wa juu ulale kama paa dogo kuelekea maji yanakokwenda. Mafundi wengi huzigeuza zikatazama maji yanakotoka, zikawa vijiko vya kujaza mchanga.

Inchi moja na nusu ni kimo kikubwa kwa pampu yenu. Pampu ya inchi 2 hutoa kama lita 500 kwa dakika ikiwa haipandishi maji mbali. Ikibidi yapande ukingo wa mita kadhaa, hupungua sana. Kwa upana wa sentimita 30 maji hayo yanatosha, ila hayawezi kuchangamsha mchanga nyuma ya kizingiti kirefu hivyo. Tumieni anglaini ya inchi moja au pungufu yake, zipishane sentimita 5 hivi, na ziishie mita ya kwanza tu. Mita ya pili iwe ya dhahabu laini: tandikeni gunia la korosho, lile la nyuzi na si la plastiki, juu yake wavu wa chuma wenye macho ya umbo la almasi. Nyuzi za gunia hushika chembe ambazo zulia la mpira linaziacha ziteleze. Gunia hilo likichakaa msilitupe. Likaushwe, lichomwe ndani ya sufuria kuukuu, majivu yake yaoshwe kwa karai. (Ushauri huu ni kwa gunia ambalo halijaguswa na zebaki hata tone. Lililoguswa ukilichoma, unajifukizia sumu.)

Shemeji avichomelee vizingiti viwe fremu moja kama ngazi, iingie na kutoka. Ikikaa ndani ibanwe kwa kabari za mbao, maana uwazi wa unene wa kucha kati ya kizingiti na zulia ni njia ya dhahabu kupita chini kwa chini.

Mwinamo anzeni na sentimita 8 kwa kila mita, yaani kwa mwalo wenu kichwa kiwe juu ya mkia kwa sentimita 16. Chukueni pimamaji ya fundi mwashi na kuipima pia kwa upana, kwa sababu mwalo ulioinama ubavuni hupitisha maji yote upande mmoja. Kina cha maji juu ya vizingiti kiwe sentimita 2 hadi 3. Baada ya hapo acheni kupima, tumieni macho na kidole. Mkikuta nyuma ya vizingiti kweupe, zulia linaonekana, maji ni mengi au mwinamo mkali. Mkikuta mchanga umejaa hadi juu na kidole hakizami, maji ni machache au mnalisha kwa pupa. Kinachotakiwa ni kituta kidogo cha mchanga mweusi kinachotetemeka, kidole kikiingia bila kulazimisha. Mtu mmoja alishe kwa beleshi nusu nusu, asubiri maji yapate nafasi ndipo atie jingine.

Nilijifunza hayo kwa aibu. Nilipokuwa kijana nimetoka chuoni, tuliweka mwalo kwenye korongo moja upande wa Ruangwa, na pampu kubwa kuliko yenu. Maji yalikuwa yanatoa povu, nami nikijiona mhandisi. Bibi mmoja akaja na karai lake, akasema "Hodi wanangu", akaketi pale marudio yetu yanapoangukia. Hakuuliza kitu. Jioni tulipokusanya, cha kwetu kilikaa kwenye ncha ya kisu. Cha bibi alikifunga kwenye pindo la khanga, kikiwa kizito kuliko chetu. Alitucheka kwa adabu.

Ili msingoje bibi wa kuwapima, jipimeni wenyewe. Nunueni chubwi, ile risasi ya wavuvi wa mshipi, inauzwa popote wanapouza ndoana kuanzia Lindi hadi Mtwara. Ikateni vipande 20 vya ukubwa wa punje ya ulezi, vigongeni kwa nyundo viwe bapa, vipakeni rangi ya kucha nyekundu ili vionekane. Changanyeni kwenye ndoo ya mchanga wa kawaida, lisheni mwalo kama kawaida, kisha fungueni mhesabu. Risasi ni nyepesi kuliko dhahabu, zaidi ya mara moja na nusu, kwa hiyo mwalo ukiishika hiyo, dhahabu ya ukubwa huo haitausumbua. Vipande 18 au zaidi vikirudi, na vingi viko kwenye vizingiti vitano vya juu, mko sawa. Vikirudi 12, au viwili vitatu vikaonekana gunia la mwisho, rekebisheni kitu kimoja tu, maji au mwinamo, kisha pimeni tena. Msibadilishe vyote kwa mara moja, hamtajua kilichoponya. Risasi nayo ni sumu: nawa mikono kwa sabuni, na watoto wasiokote vipande hivyo.

Kuna wezi wengine wawili. Wa kwanza ni udongo wa mfinyanzi. Donge lake likibingirika mwaloni hubeba chembe za dhahabu kama andazi linavyobeba sukari, likaondoka nazo. Mchanga wenye udongo ulowekwe kwenye pipa lililokatwa, uvurugwe kwa mikono mpaka maji yawe uji, ndipo uende kwenye chekeche. Wa pili ni mafuta. Dhahabu laini yenye mafuta huelea juu ya maji kama vumbi. Pampu isivujie petroli kwenye dimbwi mnalovuta, na mkiwa kwenye karai tieni tone la sabuni ya maji, mtaona chembe zinazoelea zikizama.

Kila baada ya saa mbili tatu simamisheni ulishaji, maji yapite mpaka yawe meupe, toeni fremu, zulia na gunia msuuze ndani ya beseni. Mchanga mweusi ukikauka, pitisheni sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, itaondoa ule wa chuma. Mnaobaki muumalize kwa karai, taratibu, kivulini. Kivulini pia ndipo mtakapoutambua ulanga, yale madini ya kumeta yanayodhaniwa kuwa dhahabu. Ulanga humeta ukiugeuza juani, kivulini unafifia, na ukiubana kwa ncha ya sindano unabanduka tabaka. Dhahabu hung'aa rangi moja popote, na ukiibana inabonyea bila kuvunjika.

Tuje kwa jirani yako na zebaki yake. Sidhani ana nia mbaya, ndivyo alivyofundishwa. Lakini zebaki haikamati chembe inayokimbizwa na maji. Tatizo lenu liko mwaloni, zebaki inatumika mwishoni, kwenye mchanga mzito uliokwisha kusanywa. Ukiimwaga ndani ya mwalo, maji huipasua ikawa vitone vidogo mno, navyo huondoka na marudio vikiwa vimebeba dhahabu yako. Utakuwa umenunua mwizi. Anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ili dhahabu ibaki anauvuta mvuke wake, na mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kukustua. Mikono hutetemeka, usingizi hupotea, mtu anakuwa msahaulifu na mkali bila sababu. Kwa mama mjamzito huingia hadi kwa mtoto aliye tumboni. Iliyoingia majini huwa sumu kali zaidi ndani ya samaki, na kambale wa korongo hilo mnawala nyinyi. Kwa kiasi mnachokusanya, karai zuri na uvumilivu vinatosha. Mchanga mzito ukishakuwa mchache na msafi sana unaweza kuyeyushwa kwa boraksi, ule unga mweupe wa kuyeyushia dhahabu, ila mara ya kwanza fanyeni mbele ya mtu aliyeizoea kazi hiyo. Na kama yupo kati yenu aliyewahi kuchoma zebaki, hasa jikoni au chumbani, akaona dalili nilizotaja, aende hospitali na amwambie daktari waziwazi kuwa alichoma zebaki. Asipotaja, atapewa dawa za malaria.

Vile vijiwe vya kijani ndivyo vilivyonifurahisha. Ukanda wenu una vito kweli: Ruangwa hutoa garineti ya kijani, na majirani zetu wa Tunduru wamekuwa wakiosha changarawe za vito tangu miaka ya 1990. Lakini rudi kwenye ndoo yetu. Ndoo ya garineti ya kijani ni kilo 72, ndani ya maji inabaki 52, dhidi ya 33 za kwatzi. Tofauti haifiki hata mara mbili. Kwa kizingiti kilichopimiwa dhahabu, garineti ni kokoto tu, ndiyo maana mmeikuta kwenye marudio. Mwalo mmoja hauwezi kuwatumikia mabwana hawa wawili.

Kito kinataka chekeche la mkono. Kile kilichobaki kati ya chekeche la milimita 10 na la milimita 4 kitieni kwenye chekeche la duara, kisizidi nusu ya kina chake. Lizamishe kwenye pipa la maji, lishushe na kulipandisha kwa vishindo vifupi, kila baada ya vishindo kadhaa lizungushe kidogo kushoto na kulia. Vizito hushuka chini na kujikusanya katikati. Baada ya dakika mbili tatu lipindue kwa mkupuo mmoja juu ya gunia, kama mama anavyopindua mkate wa kumimina kwenye sahani. Kilichokuwa chini sasa kiko juu, na katikati utaona jicho jeusi la mawe mazito. Vito, kama vipo, viko ndani ya jicho hilo au pembezoni mwake, na punje kubwa ya dhahabu ikipita kwenye chekeche la juu utaikuta hapo hapo. Chupa inakuumbua mwenyewe: kioo ni chepesi kuliko hata kwatzi, hakikai katikati. Mkiona kijani kiko ukingoni na kina mapovu ndani, huyo ni mlevi wa zamani alipitia korongoni. Yaliyozidi milimita 10 yamwagieni maji, yakagueni kwa macho jua likiwa nyuma yenu.

Msikikwaruze kito wala kukigonga kujua ukweli wake. Kibaki kama kilivyo, kipelekeni soko la madini la mkoa kikathaminiwe, na kikionekana kina maana kubwa kuna Kituo cha Jemolojia (elimu ya vito) Arusha. Dalali akiwaambia "hiki ni chupa, lakini nitakusaidia elfu kumi", jiulizeni kwa nini ananunua chupa.

Kuhusu maji, chimbeni mashimo mawili mfululizo, ya pili mtandike turubai. Maji ya mwalo yaangukie la kwanza yaache mchanga, yamwagike la pili yatulie, pampu ivute hapo. Yakishakuwa mazito kama uji mwembamba simamisheni kazi mpaka kesho yake, kwa sababu tope huielesha dhahabu laini. Mashimo na mwalo viwe mbali na ukingo wa korongo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto, na chini yenu kuna watu wanateka maji ya kunywa. Kabla ya kuvuta maji ulizeni kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, makao yake yako Mtwara mjini.

Leseni ya mjomba nayo isomeni kwa makini. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini kwa Mtanzania, kwa miaka 7, eneo lisilozidi hekta 10, na huandikwa kundi la madini. Dhahabu iko kundi la metali, vito ni kundi jingine. Kama ya mjomba ni ya metali, msianze kuchimba vito kabla ya kumwona Afisa Madini Mkazi wa mkoa. Makubaliano yenu na mjomba yawekwe kwenye karatasi, hata kama mnakula sinia moja. Nimeona jicho jeusi la chekeche likivunja undugu.

Msifukue ukingo kwa chini ili mchanga ujiporomokee, hasa baada ya mvua. Pampu msiiteremshe shimoni, moshi wake unaua kimya. Na mkisimama muda mrefu kwenye madimbwi, atakayeona damu kwenye mkojo aende zahanati akapimwe kichocho asione haya.

Kwa sasa msikate ubao wala kuchomelea chochote. Osheni ndoo 30 za korongo hilo kwa chekeche na mwalo ulivyo, hiyo ni kama tani moja, mpime mlichopata pamoja na mlichokuta kwenye marudio, muweke pembeni gharama ya petroli. Kisha fanyeni lile jaribio la chubwi. Niandikie vimerudi vipande vingapi, na vilikaa kwenye kizingiti cha ngapi.